"Anauma?" na Maneno Mengine Utakayoambiwa Ukitembea na Mbwa Kigoma

Mtu akihamia Kigoma peke yake ataulizwa ametoka wapi, ni kabila gani, na kama kaja kikazi au kaolewa huku. Akihamia na mbwa, maswali yote hayo yanampita yeye na kumwangukia mbwa. Mimi nimetoka Njombe, ambako mwezi wa saba nyasi huamka na barafu, na nimekuja na mbwa mweusi mwenye manyoya mazito na soksi nyeupe miguu yote minne. Anaitwa Watasema. Jina kapewa na mama yangu kwa sababu zake na majirani zake, na hilo tuliache hapo hapo.

Tulifika kipupwe kikianza, na kwa kutembea kwa miguu kando ya Ziwa Tanganyika hakuna msimu bora. Mvua zimekata, njia za vilimani zimekauka, na jua la asubuhi bado lina adabu. Tumezunguka Bangwe, Katonga, Mwanga, Kibirizi na Ujiji, na kote tumeambiwa maneno. Ninayahesabu hapa kwa kurudi nyuma, kuanzia jepesi.

11. "Anauma?"

Swali la kwanza, la lazima, la rika zote. Nimejaribu majibu ya kila aina. Ukisema haumi, wanacheka: ni nani aliyewahi kukiri kwamba mbwa wake anauma? Ukisema anauma, wanataka kujua kwa nini basi umemtoa nyumbani. Ukisema inategemea, wanavuka barabara. Siku hizi najibu, "Muulize mwenyewe." Kijana mmoja muuza vocha pale Mwanga alimuuliza kweli, kwa heshima zote, kainama kabisa. Watasema akapiga chafya. Kijana akaniambia, "Kasema haumi, ila nisimzoee."

10. "Huyo ni wa Mzungu gani?"

Ni wa Mbena. Lakini huwezi kuwalaumu. Mbwa tunayemjua wengi wetu hafungwi kamba wala hatembezwi. Analala mchana, analinda usiku, na akitaka kutembea anajitembeza na kurudi kwa wakati anaoujua yeye. Anayefungwa kamba na kuchanwa manyoya lazima awe na Mzungu mahali fulani nyuma yake.

9. "Sasa unamtembeza au anakutembeza?"

Hili huulizwa zaidi kwenye Barabara ya Lumumba, ule mpando unaoanzia stesheni ya reli hadi Mwanga. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na jengo la stesheni la Wajerumani bado limesimama kwa majivuno yake. Ukishuka pale umebakiwa na mambo mawili, kupanda mlima au kuingia majini. Mimi huvutia mlimani, Watasema huvutia ziwani, na madereva wa bodaboda walioegesha chini ya miembe huweka dau nani atashinda. Bibi mmoja muuza ndizi alishatoa hukumu: "Anayetangulia ndiye mwenye safari."

8. "Baridi ya mwaka huu imezidi."

Haya husemwa na dereva wa bodaboda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amevaa koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, kofia ya sufu na glovu. Pembeni yake mbwa wa Njombe kalala kwenye simenti, ulimi nje, anahema. Ningependa kumpeleka dereva huyu kwetu Njombe mwezi wa sita, siku moja tu, akione alichokuwa anakiita baridi.

Ukweli ni kwamba ziwa lenyewe ndilo jiko. Kigoma iko juu kidogo tu ya uso wa ziwa, ambao uko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, na yale maji hayapoi kirahisi. Hata kipupwe huwa na joto la nyuzi ishirini na kitu. Kinachobadilika ni hewa: usiku unapoa, upepo wa kusini unasukuma mawimbi karibu kila siku kuanzia Mei hadi Septemba, na asubuhi unapata saa tatu au nne za raha kabla jua halijakumbuka kazi yake.

Kwa hiyo ratiba tunapangiwa na manyoya. Tunatoka alfajiri, tunarudi kabla ya saa nne, tunatoka tena baada ya saa kumi na moja jioni. Kabla ya kukanyaga lami au mchanga huwa naweka mgongo wa kiganja chini na kuhesabu polepole hadi tano. Nikishindwa kuuacha, na nyayo zake zitaungua. Watu wakiniona nimechuchumaa barabarani nikigusa lami wanadhani nimedondosha pete.

7. "Mnawinda?"

Hapa ndipo penye kazi. Mjini mtu mwenye mbwa ni kituko, lakini vilimani mtu mwenye mbwa ana sababu moja tu inayoeleweka. Ukipita nyuma ya Bangwe kuelekea Katonga, kwenye njia nyembamba zinazopanda na kushuka huku ziwa likikuchungulia kila kona, utakutana na watu wenye shughuli zao: wenye kuni, wenye mkaa, wenye majembe, watoto wenye madumu. Wote wanakwenda mahali. Wewe je?

"Tunatembea tu, mama."

"Mnatembea tu kwenda wapi?"

"Tunafika pale juu, tunarudi."

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa na furushi la kuni kichwani, shingo imenyooka, hata jasho hana. Alinitazama, akamtazama Watasema, akanitazama tena. "Mwanangu, mimi nikipata nguvu za kutembea tu, nitakuja nikutafute unishikie huu mzigo." Akaenda zake. Tangu hapo nikiulizwa nasema namtafuta mbuzi aliyepotea. Wanaelewa, wananipa pole, na wengine wananielekeza mbuzi alipo.

Vilima hivi wakati wa kiangazi vina mambo matatu ya kumwangalia mbwa. La kwanza ni moto. Nyasi huchomwa kila mwaka, na ukipita siku chache baadaye unatembea juu ya majivu na visiki vyenye ncha. Watasema hupanda na soksi nyeupe na kushuka amevaa nyeusi. La pili ni vishona nguo, ambavyo kwa mbwa mwenye manyoya mazito ni vishona mbwa. Jioni nzima huishia kwenye mkeka, mimi na kitana, yeye na manung'uniko. La tatu ni kupe, wadogo kama mbegu za ufuta wanapopanda na wakubwa kama kunde wakishashiba. Hujificha masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Unamkamata kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, unavuta polepole bila kumminya, na unamtupa kwenye spiriti. Wapo wanaoshauri kumpaka mafuta ya mawese ili ajitoe mwenyewe. Nadhani ushauri huo ulitolewa na mbwa, maana Watasema akipakwa mawese hulamba mawese na kumwacha kupe.

Ukishafika juu, siku ikiwa safi, utaona milima ya Kongo ng'ambo. Kadiri kiangazi kinavyokomaa moshi unaifuta, na mwezi wa nane unaweza kuapa kwamba ziwa halina ng'ambo. Beba maji. Chini yako kuna karibu sehemu moja ya sita ya maji yasiyo na chumvi yaliyo juu ya ardhi duniani kote, na kule juu hakuna hata tone.

6. "Msogeze huyo! Dagaa wangu hawajaomba ulinzi."

Kibirizi, kaskazini ya mji, mahali ambapo pua ya mbwa hupata kichaa halali. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza. Mbalamwezi ikichomoza, samaki hawaijali taa, na wavuvi hupumzika. Asubuhi dagaa wanamwagwa kwenye chanja, nyavu zilizoinuliwa usawa wa kiuno ili mchanga usiingie, na akina mama wanapita wakiwageuza kwa viganja, haraka haraka, kama wanaopekua karatasi. Jua likiwapiga, chanja nzima inang'aa fedha.

Usawa wa kiuno cha mtu ni usawa wa mdomo wa mbwa aliyesimama kwa miguu miwili. Mwenye chanja alikuwa na kuti la mchikichi mkononi na hakulinyanyua hata mara moja, alilionyesha tu. Watasema alikaa chini, mate yanadondoka kwa mstari, macho hayapepesi. "Akila mmoja," mama akaniambia, "amenunua wote." Nikanunua kilo kabla kesi haijafunguliwa. Na nyumbani huwa anapewa ugali na vichwa vya migebuka, sasa analilia nini?

Kuna kipupwe kingine ambacho Kibirizi ilikuwa kimya. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazochangia ziwa, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu hiyo ndiyo hasa miezi ya kutembea. Mbwa hajui makubaliano ya nchi nne. Anachojua ni kunusa waya mtupu wa chanja, kugeuka, na kukutazama wewe kana kwamba ndiye uliyesaini.

5. "Kwani Livingstone naye alikuwa na mbwa?"

Aliyeuliza ni mtoto wa kama miaka tisa, pale Ujiji, nje ya makumbusho ya Livingstone. Ujiji iko kilomita kama nane kusini ya stesheni, na ni mkubwa wa Kigoma kwa umri na kwa maringo: misafara ya Bagamoyo ilikuwa ikiishia hapa, na wapelelezi Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliukuta mji tayari una soko lake. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871. Mwembe wa wakati ule ulishakufa; iliyopo husemwa ni watoto wake.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa naye. Mbwa mdogo wa manyoya ya kujisokota, aliyeitwa Chitane, mkali kupita kimo chake. Hakufika Ujiji. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka kinamasi kipana, maji kiunoni. Livingstone alitangulia akasahau kuagiza mbwa abebwe. Kila mtu alikuwa akihangaika asianguke, hakuna aliyemwona akiogelea katikati yao mpaka alipoishiwa nguvu. Bwana wake aliingia Ujiji Machi 1869 bila yeye.

Mtoto alifikiri. "Angefika, Stanley angesema 'Mbwa wa Daktari, bila shaka?'" Kisha akaongeza swali ambalo makumbusho itabidi ilijibu siku moja: "Mbona hawajamchonga?"

4. "Dada, utanitengulia udhu."

Bado tuko Ujiji, mji wa misikiti na kanzu, na hapa mwenye mbwa atembee kwa akili. Kijana alikuwa anatoka kutawadha, mikono inadondosha maji, na Watasema akainua pua. Kabla sijavuta kamba, mzee aliyekuwa barazani akaingilia. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akamgeukia kijana. "Nani kakuambia mbwa anatengua udhu? Udhu uko pale pale. Mbwa ni najisi akikugusa na majimaji, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Basi. Usimwongezee makosa."

Kijana akanyamaza. Mzee akaendelea kwa sababu sasa ana hadhira: kwamba mbwa wa kuwindia na wa kulindia wana ruhusa, kwamba Watu wa Pango walilala miaka mia tatu na mbwa wao kanyoosha miguu mlangoni, na ametajwa ndani ya Qur'ani kabisa. "Wewe umetajwa wapi?" akamuuliza kijana.

Lakini mimi pia nilipata fungu langu. "Kamba fupi, mjukuu wangu. Wakati wa swala pita njia ya ziwani, si mlangoni pa msikiti. Na usimwache anywe kwenye ndoo ya mtu." Ndivyo tunavyofanya. Mzee huyo sasa tukipita husema, "Haya, wa pangoni huyo," na Watasema hutingisha mkia kwa mbali, umbali wa kisheria.

3. "Wewe panda, yeye abaki."

Kauli ya mwenye boti, Kibirizi, safari ya Gombe. Hifadhi hiyo ya sokwe iko kama kilomita 16 kaskazini ya mji na haina barabara. Ni majini tu. Mbwa haingii hifadhi ya taifa, na kwa Gombe sababu si karatasi tu. Sokwe hupata maradhi yetu, na mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaacha baadhi yao vilema na wengine wakafa. Mnyama wa nyumbani anayekohoa hana biashara kule.

Ila kuna utani ndani yake. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alishuka ufukweni pale Julai 1960 akiwa na miaka 26 na bila shahada, na maisha yake yote, hadi alipofariki 1 Oktoba 2025, alisema mwalimu aliyemfundisha kwamba wanyama wana akili na tabia zao hakuwa profesa. Alikuwa mbwa wa utotoni mwake huko Bournemouth, jina lake Rusty. Kwa hiyo mbwa ndiye aliyefungua mlango wa Gombe, na mbwa ndiye haruhusiwi kuingia. Nilimweleza Watasema haya tukiwa ufukweni. Alikuwa anakula ganda la ndizi.

2. "Usimwache aogelee hapo, kuna mwenyewe."

Mwenyewe ni nani? Inategemea uko wapi. Kwenye miamba ni swila wa majini, nyoka wa ziwa hili, mwenye sumu kali, ambaye hula samaki na kwa kawaida hana haja na wewe wala mbwa wako mpaka mumkanyage. Kusini huko, Malagarasi unapoingia ziwani, ni mamba, na hapo hakuna mjadala. Kwenye vichaka vya maji yaliyotulia ni konokono wa kichocho. Na ufukwe ukiisha, mteremko ni mkali kuliko unavyodhani: ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na halianzi kwa taratibu.

Sisi huogelea ufukwe wa mchanga ambao watu wa Katonga wenyewe huogelea, jua likiwa limetoka, maji yakiwa yanaonyesha kokoto. Mvuvi akisema si hapo, si hapo. Sihitaji maelezo ya ziada kutoka kwa mtu anayelala juu ya maji hayo.

Swali linalofuata baada ya kuogelea, akishajikung'uta mbwa na watu wote wamelowa, ni "Amechanjwa?" Hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu, na ningeomba liulizwe kabla ya "Anauma?" Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na karibu visa vyote hutoka kwa mbwa. Chanjo ni ya kila mwaka. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa shemeji. Kadi ya Watasema hutembea mfukoni mwangu. Mzee mmoja aliivalia miwani, akaisoma mstari kwa mstari mbele ya umati, akairudisha. "Mbona haina picha? Nitajuaje ni huyu?"

1. "Mama Watasema!"

Kwa desturi mtu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi sina mtoto hapa mjini, na Mwanga haikuona sababu ya kusubiri. Ilianza kwa muuza vocha, ikapanda kwa bibi wa ndizi, ikashuka hadi Kibirizi, na sasa mzigo wa dagaa unanifikia umeandikwa kwa kalamu nene: MAMA WATASEMA, NYUMA YA SHULE. Nikimwita mbwa ufukweni, "Watasema!", kuna sauti lazima ijibu kutoka kwenye mtumbwi, "Na wameshasema!"

Mwezi uliopita mwenye nyumba wangu naye kaandika jina hilo kwenye risiti ya kodi. Nikamwambia, baba, risiti yenye jina la mbwa haina nguvu popote. Akaniuliza kodi imelipwa au haijalipwa. Nikasema imelipwa.

"Basi mfikishie Watasema shukrani zangu. Na mkumbushe ya mwezi ujao."